Mpangaji wa Diski D

Diski iliyozaliwa sasa hivi haiwezi kuwa na kitu ndani yake. Bayingana alilijua hilo kama alivyolijua jina la mama yake, na ndiyo maana asubuhi ile ya Novemba, mwaka wa tisini na nne, alikaa mbele ya kompyuta pale Kicukiro akiwa amekunja uso kama aliyeuziwa nyama mbovu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Diski yake ngumu ilikwisha kufa, na kile kipenyo cha kuingizia disketi kilikuwa na tabia ya kuzikwaruza zikikaa humo muda mrefu. Disketi nzima yenye DOS, ile programu ya kuiamsha mashine, ilikuwa moja tu, na Bayingana aliitunza kuliko alivyotunza meno yake. Basi akabuni njia. Kila asubuhi aliingiza disketi, mashine ikaamka, ikatenga sehemu ya kumbukumbu yake na kuifanya ijidai kuwa diski. Aliiita D. Akanakili humo DOS yote na programu ya kuchapia, akachomoa disketi, akaitia mfukoni mwa koti. Kutwa nzima mashine ilifanya kazi juu ya diski isiyokuwapo. Jioni ukizima swichi, D na vyote vilivyomo vinapotea. Kesho unajenga upya.

Alikuwa na desturi ya kuichungulia D kabla ya kunakili chochote, kama mpishi anavyochungulia sufuria kabla ya kutia maji. Aliandika DIR, amri ya kuorodhesha vilivyomo, akabonyeza. Ilitakiwa kuwa tupu. Kioo kikamwonyesha faili moja, jina lake NDIHANO. Kwa Kinyarwanda ni kusema, nipo hapa.

Akageuka polepole, akamtazama Donatille, mchapaji wa ofisi.

"Mama Akimana, nani aliguza hii mashini?"

"Mimi nayiguza saa ngapi?" Donatille alikuwa akimfunga bintiye Akimana mgongoni. "Si weye unatembea na disketi ku mufuko?"

"Usinichezee. Kitu iko ndani. Haikuingia yenyewe."

Hawa wawili walikuwa Wanyarwanda, lakini Kinyarwanda cha Bayingana kilikuwa kimejaa Kiganda, na cha Donatille kilinuka Burundi, kwa hiyo walipogombana waligombana kwa Kiswahili. Bayingana alikiokota katika magereji ya Kampala, mwenzake katika vichochoro vya Buyenzi, Bujumbura. Wote wawili walikuwa wamerudi nchini miezi michache tu iliyopita. Mfanyabiashara Mutsinzi, naye mrudi kutoka Tanzania, alichukua nyumba iliyokuwa tupu, akafanya chumba cha mbele ofisi ya kuchapia watu barua. Chumba cha nyuma akampa Donatille, mchapaji wake, alale humo na bintiye mchanga mpaka mumewe afike kutoka Bujumbura. Akifukuzwa kazi, amefukuzwa na chumba. Nani aliishi humo kabla yao, hakuna aliyeuliza. Mwaka ule swali hilo watu walilimeza.

Bayingana aliifuta NDIHANO, nayo ikafutika bila ubishi. Kesho yake ilikuwapo. Kesho kutwa pia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Mutsinzi. Ndio msemo aliokuwa akiupenda kuliko salamu. Bayingana alishuku wauza mkaa, alishuku wenye redio, alishuku hata mvua ikichelewa. Sasa akamshuku Donatille: huenda ana disketi yake ya siri, huenda kuna mtu wa Bujumbura aliyemtuma aiharibu kazi. Donatille naye hakulala. Alimwambia jirani kwa sauti ya chini kwamba tekinisiye, yule fundi Bayingana, anamtegea mtego, ili afukuzwe na nafasi apewe Jolly, dada yake huyo fundi. Na kwa kweli Jolly alikaa bila kazi nyumbani kwa kaka yake, mtaa wa Kabeza, hata mimi ningeshuku.

Kisha ikaja harufu. Saa za mchana, watu wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri barua zao, chumba kilinuka maziwa yaliyoungua. Wateja waligeuza vichwa kutafuta jiko. Jiko halikuwapo, wala maziwa. Donatille alimnusa mtoto, akajinusa na yeye. Bayingana akamtazama tu.

Hapo ndipo alipopata akili yake kubwa. Kama kitu kinaingizwa asubuhi mashine inapoamka, basi mashine isilale. Isipolala haiamki, na isipoamka hakuna wa kupenyeza kitu. Akaiunga na betri ya lori la Mutsinzi kupitia kisanduku cha kugeuza umeme, ili hata umeme ukikatika D ibaki hai. Akaifuta NDIHANO mara ya mwisho, akafunga ofisi kwa kufuli, na ufunguo akaenda nao Kabeza. Asubuhi akikuta kitu, basi ni Donatille, hata kama hajui amepitia wapi. Akili nyingi huondoa maarifa. Kila jioni walikuwa wakiizima mashine, na kule kuzima ndiko kulikokuwa kinga yao bila wao kujua.

Asubuhi NDIHANO ilikuwapo, na safari hii ilikuwa imenenepa. Aliiamuru ifutike. Mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Mama Akimana," aliita kwa sauti ya kunong'ona, maana wateja walikwisha fika. "Ulipita wapi usiku?"

"Nililala, bwana. Kwanza leo nimeshukuru Mungu. Mutoto hakulia hata kidogo."

Hakulia siku iliyofuata pia. Wala iliyofuata. Mwanzoni Donatille alifurahi, kama mzazi yeyote aliyechoka. Kisha akaanza kumfinya kidogo mguuni, kwa mapenzi, ili amsikie. Akimana alikunja uso, akafungua kinywa wazi mpaka ufizi ukaonekana na vijino viwili, machozi yakamtoka, na sauti haikutoka. Zahanati wakamwangalia koo, wakasema koo ni zima. Kila siku ofisini faili iliongezeka, nusu ya diski, kisha zaidi ya nusu, hata programu ya kuchapia ikaanza kukosa nafasi.

Donatille alimvizia Bayingana karibu na dirisha. "Kama ni kazi yangu unataka, sema. Nitaondoka. Nakuomba, mwache mutoto."

"Mimi nimefanya nini kwa mtoto?"

"Tangu uwashe hii kitu usiku na mchana, mutoto hana sauti. Na weye ndiye unashika ufunguo."

"Au ni wewe unafunza mtoto kunyamaza, ili nipate lawama," alisema Bayingana, na aliposikia maneno yake mwenyewe aliona haya, lakini hakuyarudisha.

Ilikuwa alasiri ya mvua kubwa walipojua. Umeme ulikatika, taa ya dari ikazima, na mashine ikaendelea kunguruma kwa betri, kioo chake kikiwa ndio mwanga pekee chumbani. Kwenye benchi alibaki mteja mmoja tu, mwalimu wa madrasa kutoka Biryogo, mzee mwembamba aliyekuja kuchapiwa barua ya mpwa wake. Ndipo kile kipaza sauti kidogo ndani ya mashine, ambacho kazi yake ilikuwa kulia mlio mmoja mtu akikosea, kikaanza kutoa sauti, kwanza kama mbu, kisha kama paka mdogo aliyefungiwa mahali, ikipanda na kushuka, ikikatika kwa kwikwi na kuanza tena, mpaka hapakuwa na namna ya kujidanganya kwamba ni kitu kingine ila kilio cha mtoto mchanga anayetaka kunyonya.

Bayingana alimgeukia Donatille akitafuta ujanja usoni mwake. Hakuupata. Alichokiona ni blauzi yake, ambayo kifuani ilikuwa ikilowa taratibu, pande zote mbili, maana maziwa ya mama hayamsubiri mama aamue, yalikuwa yameisikia sauti na kuitambua, huku Akimana mwenyewe akiwa mgongoni pake, kimya, kinywa wazi.

"Mana yanjye, Mungu wangu," alisema Donatille. "Ni yeye. Ni Akimana. Iko mule ndani."

Bayingana aliogopa. Na kama wafanyavyo waoga wenye elimu, alikimbilia swichi.

"Usizime!" Mwalimu alikuwa amesimama, tasbihi mkononi. "Ondoa mkono hapo, kijana. Niambieni kwanza, hicho ni nini?"

Wakamweleza kwa kupokezana, kwa sauti za kunong'ona kana kwamba kuna anayewasikiliza, habari za diski isiyokuwapo, inayojengwa asubuhi na kubomolewa jioni, na jinsi walivyoiacha ikiwaka. Mzee alisikiliza akitikisa kichwa.

"Kwetu mtu hahamii chumba kitupu bila kupiga hodi na kusoma dua. Ninyi mmejenga chumba kipya kila siku, ndani ya nyumba ambayo nayo hamkuipigia hodi. Aliyekuwa akizurura humu ameona mlango. Kila jioni mlimbomolea, akatoka. Halafu mkamwachia taa usiku kucha. Ameamini kuwa mmemkaribisha. Na amechukua cha kumliwaza, sauti ya mtoto."

"Ni jini?" aliuliza Bayingana.

"Ni jini au ni mtu wa nyumba hii, sijui, na mwaka huu sitaki kulisema nisilolijua. Nijualo ni kwamba ukizima, vilivyomo vinapotea. Si ndivyo ulivyoniambia?"

Ndivyo. Hakuna aliyelijua hilo kuliko Bayingana. Akatazama kisanduku cha betri, taa yake ilikuwa imegeuka nyekundu, na kwenye kioo maandishi yalikuwa yakififia na kurudi, yakififia na kurudi. Aliitoa ile disketi mfukoni, akaamuru NDIHANO inakiliwe humo, mashine ikakwaruza mara moja kwa sauti ya kuumiza meno, kisha ikaandika kwamba hakuna nafasi ya kutosha. Nje mvua iliendelea, harufu ya maziwa yaliyoungua ikawa nzito mpaka ikawachoma macho, na kile kilio ndani ya mashine kilikuwa kikidhoofika pamoja na betri, kikishuka, kikishuka, kwa namna ambayo kila mzazi anaiogopa zaidi kuliko makelele.

"Mwalimu, fanya kitu," Donatille alilia. "Mimi ni mukatolika, sijue mambo yenu, lakini fanya."

Mzee hakuwa na ubani wala chetezo. Alisoma alichokijua, akapuliza juu ya mashine, akauliza kwa upole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Unataka nini hata umwache mtoto?"

Kioo kikafutika chote. Likaja neno moja: INTEBE. Kiti.

"Anataka kiti," alisema Mwalimu. "Mtu wa kumkalia. Amechoka kukaa pasipokuwa mahali."

"Anikalie mimi!" Donatille alipiga kifua chake kilicholowa. "Leo hii!"

"Wewe humfai mtoto ukiwa hivyo. Mgeni huyo atakuwa palepale kwenye ziwa la mtoto."

Wakamtazama Bayingana. Na hapo, betri ikiwa inakata roho na mtoto akiwa anapotea, Mungu amsamehe, ule ugonjwa wake ulimrudia. Alimtazama mzee wa Biryogo, akamtazama mwanamke wa Bujumbura, akaona namna walivyosimama pamoja, akawaza: wamepanga. Huyu alikaa kwenye benchi kwa makusudi. Wanataka kuona nikipiga magoti, kesho Kicukiro nzima inicheke.

Akacheka yeye kwanza. "Kama ni kiti tu," alisema, "akuje kwangu. Mimi niko na nafasi." Alisema kama anavyomjibu mlevi.

"Kijana," Mwalimu alianza, "jambo hilo halisemwi kwa..."

Mashine ikazima. Kisha kutoka mgongoni mwa Donatille kikapasuka kilio kikubwa, kinene, cha hasira, kilio cha mtoto aliyenyimwa haki yake muda mrefu. Donatille alimvuta mbele, akakaa chini sakafuni, akamnyonyesha huku akilia na kucheka, akimbusu utosini, vidoleni, masikioni. Alikuwa na furaha isiyo na jina. Aliporudisha macho juu, Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka bila barua yake, na Bayingana alikuwa amesimama mahali pake, mikono ikining'inia, akimtazama mtoto anyonyapo.

Tangu siku ile Bayingana hakumshuku mtu tena. Mutsinzi alisema kijana amekomaa. Aliwasalimu wauza mkaa, aliwapa wateja viti, na Jolly alipokuja kuuliza mbona harudi Kabeza, alimjibu kwa upole kwamba hapa ndipo nyumbani. Mashine ilijengewa D kila asubuhi, na D ilikuwa tupu kama inavyotakiwa. Donatille alimshukuru Mungu, akamshukuru na Bayingana, kwa maneno mengi, mbele za watu. Ndiyo maana alijilaumu alipoanza kuona namna Bayingana anavyosimama karibu nao, yeye na mtoto, na namna anavyotikisa bega moja taratibu, kama mwenye mtoto mgongoni.

Jumamosi moja Donatille alifungasha nguo zake. Lori la kwenda Bujumbura lilikuwa likingoja barabarani. Bayingana alikuwa mlangoni, na hakumzuia. Alinyoosha mikono tu.

"Nipe nimubebe kidogo," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini uvumilivu uliokuwamo haukuwa wake.

"Amelala," Donatille alisema.

Alisema uongo, na alijua kwamba uongo wenyewe unaonekana. Akimana alikuwa macho mgongoni, akichungulia juu ya bega la mama yake. Alinyoosha mikono yote miwili kumwelekea Bayingana, akatabasamu, na kwa ile sauti aliyorudishiwa akasema neno lake la kwanza, wazi kabisa.

"Mama."