Pampu ya Ijumaa

Kila asubuhi, kabla hata hajafunga kamba za viatu vya shule, Sabika alipiga magoti mbele ya kabati la sebuleni, akafungua mlango wa chini na kuutafuta mstari mwekundu. Juu ya kabati lilikaa tangi la matumbawe la mama yake, lita mia nne za bahari ndani ya kioo. Ndani ya kabati kulikuwa na tangi dogo lililopokea maji ya tangi kubwa na kuyarudisha juu, na ubavuni mwake ndipo ulipochorwa ule mstari. Maji hayakuwahi kukutwa mstarini. Joto la Kuwait halina mzaha. Kiyoyozi kilinguruma usiku na mchana, na hewa yake kavu ilikunywa lita saba kwa siku. Sabika alizirudisha kwa jagi huku basi la shule likipiga honi nje.

"Maji ya dumu la buluu, Sabika!" mama yake alipaza sauti kutoka jikoni. "Yale matamu! Kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki palepale. Ukiongeza ya chumvi utawakausha samaki wangu kama ng'onda!"

Mama yake, Wadha, alifanya kazi kwenye mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, na alipenda kujicheka mwenyewe. "Mchana naitoa chumvi baharini," alikuwa akisema, "jioni nairudisha sebuleni kwangu."

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa, kaka yake Sabika, Jarrah, kijana wa miaka kumi na saba, aliimaliza kazi ya jagi. Alifunga vihisi viwili kwenye tangi dogo: kimoja kilisema maji yameshuka, kingine kilisema yametosha. Katikati aliweka kidhibiti, kijisanduku cheusi kilichosikiliza vihisi na kuiwasha pampu ndogo, nayo ikavuta maji matamu kutoka kwenye dumu la buluu. Pampu ikizidisha dakika tatu kwa mkupuo mmoja, kidhibiti kiliizima na kupiga kelele, ili kihisi kikiharibika sebule isigeuke bwawa. Kila ilipowaka, saa na dakika zake ziliandikwa kwenye simu ya Jarrah.

"Umeona, Profesa wa Jagi?" Jarrah alimtania. "Umefukuzwa kazi."

"Nimepandishwa cheo," Sabika alijibu.

Lakini kazi ya Ijumaa ilibaki. Kila Ijumaa, Sabika alitakiwa atoe lita ishirini za maji ya zamani na kutia lita ishirini mpya za chumvi. Ilibidi apime gramu mia saba na sitini za chumvi ya matumbawe, azikoroge ndooni kwa saa kadhaa, ayapashe maji moto wa kadiri, kisha adondoshe tone la maji ya tangi kwenye kioo cha kipima chumvi, achungulie, na aandike namba kwenye daftari. Namba njema ilikuwa thelathini na tano.

Na Ijumaa ndiyo siku ya kula machbusi, wali wa nyama na viungo, kwa Bibi, ambako binamu zake walianza mpira wa wavu uani tangu asubuhi. Aliyechelewa alipangwa timu isiyotakiwa na mtu.

Ijumaa ya kwanza ya kidhibiti, Sabika alikuwa amechota ndoo ya kwanza ya maji ya zamani pale binamu yake Munira alipopiga simu. "We njoo bwana, tunagawana timu! Au umeolewa na hayo matumbawe?"

Aliporudi sebuleni, kidhibiti kilikuwa kinalia. Alikinyamazisha kwa kidole, akachungulia chini. Pampu ilikuwa imekwisha kurudisha lita tatu za maji matamu. Alisimama hapo, mguu mmoja ukigonga sakafu. Maji ni maji, alijiambia. Chumvi imejaa humo ndani, lita ishirini zitapunguza nini? Akaiwasha pampu tena, ikamalizia pengo la ile ndoo. Maji yaliyosalia aliyachota kwa jagi la lita mbili, moja moja, ili kidhibiti kisilie tena, na kila jagi lilipotoka pampu ilinguruma kidogo na kujaza. Kabla ya saa kwisha, maji yalikuwa mstarini. Akafungua daftari na kuandika: *Nimebadilisha lita 20. Chumvi 35.* Kipima hakukigusa. Siku hiyo alipangwa timu ya Munira, wakashinda.

Akafanya hivyo Ijumaa ya pili. Na ya tatu. Na ya nne. Ndoo ya chumvi ilibaki nzito, akaisukuma nyuma ya meza ya kupigia pasi isionekane.

Jumanne baada ya Ijumaa ya nne, Kichaka hakikufunguka. Hilo ndilo jina walilolipa tumbawe kubwa la katikati, lenye vidole vya kijani vilivyocheza na maji mchana kutwa. Mama alilinunua miaka sita nyuma likiwa kipande cha vidole viwili. Sasa vidole vilikuwa vimenywea hadi ndani, mifupa myeupe ikichungulia pembeni, na wale samaki wawili wa rangi ya chungwa waliolala humo walizungukazunguka wasijue pa kulala.

Mama, aliyekuwa ametoka zamu ndefu, hata hijabu hakuvua. Alisogeza uso karibu na kioo. "Kimebadilika nini humu tangu mwezi wa tisa?"

Kila mtu alikijua kilichobadilika. Kilikuwa cheusi, kikiwaka taa ya kijani.

Jarrah alimpigia Ami Ghanim, mzee muuza samaki wa mapambo, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Joto?"

"Ishirini na tano, Ami."

"Chumvi?"

Jarrah alifungua daftari. "Thelathini na tano. Wiki zote nne, thelathini na tano."

Sabika alihisi masikio yanawaka. Akaanza kupanga mito ya kochi iliyokuwa imepangwa tayari.

"Basi si chumvi," alisema Ami Ghanim. "Ni hicho kidude chako, kijana. Labda waya unaota kutu majini, unatia sumu. Mimi miaka thelathini najaza kwa mkono, sijaua hata konokono."

Jarrah alikata simu polepole. Jumamosi ile kulikuwa na maonyesho ya wavumbuzi vijana, na jina lake lilikuwa kwenye orodha.

"Nakupa mpaka Alhamisi jioni," Mama alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tumbawe lisipoonyesha uhai, utakifungua na tutarudi kwenye jagi. Na maonyesho utayasahau. Sikuruhusu upeleke mbele za watu kitu kinachoua."

Siku mbili zile Sabika hakutulia. Darasani aliandika namba thelathini na tano pembeni mwa daftari la hesabu bila kujua. Nyumbani alimkuta Jarrah amelala kifudifudi mbele ya kabati, tochi mdomoni, akibadilisha kihisi, akibadilisha waya, akipiga mswaki pampu.

"Tazama ajabu hii," alimwambia, akimpa simu. "Pampu inawaka sawasawa wiki nzima, isipokuwa Ijumaa. Kila Ijumaa asubuhi inawaka mara nyingi kuliko siku zote. Kihisi gani kinapata wazimu siku ya Ijumaa tu?"

"Labda... labda kinataka machbusi," Sabika alisema.

Jarrah alicheka mpaka tochi ikamdondoka. Kicheko kile kilimchoma Sabika kuliko kofi. Kaka yake alikuwa na ushahidi wote mkononi, wala hakumfikiria yeye hata kidogo.

Alhamisi alasiri, Jarrah alipokwenda kutafuta bisibisi, Sabika alivuta ndoo ya chumvi kutoka nyuma ya meza ya pasi. Atamimina yote. Chumvi itapanda, Kichaka kitafunguka, na hakuna atakayejua. Alifunua kifuniko, akachota bakuli zima, akalipandisha juu ya tangi. Samaki mmoja wa chungwa alikuja juu kudokoa kivuli chake, akidhani analetewa chakula.

Alikumbuka maneno ya Mama siku ya kwanza: chumvi kavu ikimwagwa inachoma ngozi ya tumbawe, na ikipanda ghafla inawaua hata walio wazima. Alishusha bakuli. Akachukua kipima ambacho hakukigusa mwezi mzima, akadondosha tone, akachungulia.

Ishirini na nane.

"Unafanya nini na chumvi saa hizi?" Jarrah alikuwa mlangoni, bisibisi mkononi.

Sabika alimkabidhi kipima. "Tazama."

Jarrah alichungulia. Akakifuta kioo, akaweka tone jingine, akachungulia tena. "Hii haiwezekani. Daftari linasema..."

"Daftari linasema uongo. Mimi ndiye wazimu wa Ijumaa." Akamwambia yote, haraka, kama mtu anayetapika: jagi, pampu, mpira wa wavu, ndoo iliyofichwa.

Uso ukamwiva Jarrah. "Nimelala sakafuni siku mbili! Nimemwomba msamaha Mama kwa kosa ambalo si langu, na wewe umekaa hapo unanichekesha na machbusi!"

"Najua."

"Hujui kitu! Mshenzi we!"

Mama, aliyekuwa ameingia na mkoba wake begani, alikuwa amesikia ya kutosha. Alichungulia kipima, kisha akalisoma daftari, ukurasa kwa ukurasa, akiweka kidole juu ya kila thelathini na tano. Sabika angependelea kufokewa.

"Tunarekebisha kwanza," Mama alisema hatimaye. "Kugombana baadaye. Jarrah, kwa siku lita saba zinapaa. Tukitia ya chumvi kwenye dumu la buluu badala ya matamu?"

Jarrah alikunja uso, kisha macho yakamfunguka. "Kidhibiti kitaipandisha chumvi pole pole chenyewe. Siku kumi, kumi na moja!"

"Na wa kuyakoroga hayo maji kila siku tunamjua."

"Lakini Jumamosi ni maonyesho," Sabika alisema. "Akikichukua kidhibiti, nani atajaza?"

Wote wawili walimtazama, naye akalijua jibu.

Jumamosi, binamu zake walikwenda ufukweni. Sabika alikaa kwenye zulia mbele ya kabati toka asubuhi, akiutazama mstari mwekundu. Kila saa maji yalishuka kiasi cha bilauri moja, na kila saa alimimina bilauri moja ya maji ya chumvi aliyoyakoroga mwenyewe. Alisimama, akaketi, akazunguka meza, akarudi. Munira alimtumia picha za mawimbi. Alizima simu. Kila alipomimina alipima, na kila alipopima aliandika alichokiona: 29. 29. Alasiri, 30.

Jioni Jarrah aliingia na kidhibiti chini ya kwapa. "Nimepata nafasi ya tatu," alisema. "Waamuzi walipenda mchoro wa pampu unaoruka juu kila Ijumaa. Nimewaambia umetokana na hitilafu moja inayokaa nyumbani kwetu, inavaa raba za zambarau."

"Mshenzi we," Sabika alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile alicheka.

Siku ya kumi na moja namba ilikuwa thelathini na tano. Kichaka kilikuwa kimepoteza vidole kadhaa upande mmoja, na hivyo havikurudi. Lakini upande wa pili vilikuwa vimetoka virefu na laini, na samaki wa chungwa walikuwa wamejizika humo, vichwa tu vikionekana.

Mama aliketi kwenye zulia karibu na binti yake, daftari mapajani.

"Kidhibiti cha kaka yako hakikukosea hata siku moja," alisema. "Tulikiambia kilinde mstari, kikalinda mstari. Hakijui kilichomo ndani ya maji. Hilo tulikuachia wewe, na wewe ukaandika usichokipima. Kule kazini kwangu, mwanangu, mtu mmoja akiandika namba kwa kubahatisha, mji mzima unakunywa bahati yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Ukichoka, andika umechoka. Usipopima, acha nafasi wazi. Nikiona nafasi tupu nitajua la kufanya. Namba ya uongo itanidanganya mpaka kitu kife."

Siku chache baadaye ilikuwa Ijumaa. Sabika aliamka mapema, akapima gramu mia saba na sitini, akakoroga. Ndoo ya chumvi ilikuwa nyepesi sasa, na hakuirudisha nyuma ya meza. Alipofika kwa Bibi, timu zilikuwa zimegawanywa, na alipangwa ile isiyotakiwa. Akakunja mikono ya gauni, akaingia uwanjani.