Mateka wa Lyamba lya Mfipa

Breki za pikapu zilikufa kwenye kona mbaya kuliko zote za mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Sadick, dereva, akaruka nje. Abiria wake wawili wakaporomoka na gari hadi korongoni kama magunia ya ulezi.

"Mko hai?" Sadick aliita kutoka juu. "Narudi Sumbawanga kuleta watu!"

Kuleta watu, au kutuuza? aliwaza Isdori. Koplo huyu alikuwa ametoka vitani Kongo juzijuzi, na moyo wake ulikuwa bado hukohuko. Kule, mwenyeji aliyewachekesha yeye na wenzake tangu asubuhi ndiye aliyewapeleka kwenye midomo ya bunduki. Tangu hapo Isdori hakumwamini mtu anayecheka mapema. Hata mama yake alilazimika kuonja ugali kwanza.

Na Masunga, mfugaji wa Mtowisa aliyetambaa naye kutoka kwenye mabati yale, alikuwa anacheka.

"Afande, mguu wako umechanika vibaya. Tushuke kwangu. Jua likitukuta hapa bila maji, tumekwisha."

Akachana shuka lake, akaufunga mguu, akamkatia na fimbo ya kuegemea kwa panga lake. Wema umezidi. Isdori akamnyang'anya panga.

"Tangulia. Mikono kichwani."

"Sasa ukianguka nani akudake?"

"Tangulia!"

Masunga akashika njia ya ng'ombe. Isdori akakataa, njia iliyokanyagwa ndiyo inayotegwa. Wakashukia kichakani kuufuata mto mkavu, na kichaka chote kilikuwa upupu. Upupu wa Lyamba hauwashi ngozi tu, unawasha mpaka kivuli. Walipofika kwenye mchanga wa mto, wamejikuna hadi damu, joto la bonde likawapokea kama mdomo wa tanuri. Ulimi wa Isdori ukawa gome.

Masunga akapiga mluzi mrefu. Chini kabisa, mluzi mwingine ukajibu.

Panga likamfika shingoni. "Nani huyo?"

"Elia, mdogo wangu. Anachunga. Namwambia alete mkokoteni na maji."

"Yote hayo kwa mluzi mmoja?"

"Sisi hatuna maneno mengi, Afande."

Ghafla Masunga akakaza shingo, akasikiliza. Mchanga ulitetemeka. Nyuma yao, juu Ufipa, wingu lilikuwa jeusi tii. Huku chini hata tone.

"Panda ukingoni! Mto unakuja!"

"Mto gani? Unataka nisimame juu nionekane?"

Masunga akapanda bila ruhusa, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono. "Lete mkono, bwana!"

Maji yakatokea kwenye kona, mekundu, yamebeba miti mizima na mlango wa pikapu. Mkono mmoja wa Isdori ulikuwa na fimbo, mwingine panga. Akiachia fimbo, ataanguka. Akiachia panga, ni mali ya mtu huyu. Akamtazama usoni. Masunga hakuwa anacheka tena.

Akaachia panga.

Alivutwa hadi bega likalia. Maji yakanguruma pale walipokuwa wamesimama.

Elia alifika na mkokoteni wa ng'ombe na dumu la maji. "Kaka, umeteka mwanajeshi?"

"Yeye ndiye kaniteka. Mpe maji."

Isdori akanywa mpaka tumbo likauma. "Panga lako limekwenda, Masunga."

"Acha liende, lilikuwa butu, halikati hata mlenda. Ningekuambia, ila niliona umelipenda."

Isdori akacheka mpaka mbavu zikagoma. Kabla hawajaingia Mtowisa, askari aliyekuwa akilala jicho moja wazi tangu Kongo alikuwa amelaza kichwa pajani mwa Masunga, anakoroma hadi ng'ombe wanageuka kutazama nani anawaendesha.