Harufu Kwenye Sweta

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ikishalia, Chiriku alikwenda moja kwa moja hotelini, akaingia kwa mlango wa nyuma. Jina hilo alipewa na dobi, kwa sababu mdomo wa binti huyo haukujua likizo. Alikaa naye chumba cha kufulia, akimsaidia kukunja foronya na kumsimulia mambo ya darasani, mpaka mzee wa watu aombe masikio yake yapumzishwe.

Mama yake Chiriku alikuwa mhudumu wa vyumba hapo hotelini. Ufunguo wake mmoja ulifungua vyumba vyote vya ghorofa ya juu, naye aliuvaa shingoni kwa kamba ya bluu. Aliuvua tu alipotaka kuinama kusugua bafu, akautundika kwenye toroli ya mashuka.

Chiriku aliujua utaratibu huo. Alijua pia kwamba katika chumba cha mwisho, juu ya meza ya kioo, kulikuwa na kichupa cha kijani cha marashi, maana alikiona mlango ulipokuwa wazi. Siku hiyo, mama yake akiwa anasugua bafu la chumba kingine, aliuchukua ufunguo, akakifungua kile cha mwisho. Alijiambia kwamba kunusa si kuiba.

Kizibo kilikuwa kigumu. Alipokivuta kwa nguvu, kichupa kilimponyoka na marashi yote yakamwagika mezani. Aliyapangusa kwa sweta yake ya shule, akaufunga mlango, akaurudisha ufunguo torolini na kuteremka ngazi mbiombio.

Jioni mgeni wa chumba hicho, mama mtu mzima, alishuka mapokezi na kichupa kitupu mkononi. Hakufoka.

"Yalikuwa ya marehemu dada yangu," alimwambia meneja. "Nilikuwa najipaka tone moja tu, siku nikimkumbuka."

Meneja aliwaita wafanyakazi wote na kuwaeleza kisa hicho. Chiriku alijificha nyuma ya dobi, ameikumbatia sweta iliyoviringishwa.

"Nani ameingia chumba hicho leo?" meneja aliuliza.

"Mimi," mama yake akajibu. "Marashi sikuyagusa. Lakini ufunguo ninao mimi, bosi, kwa hiyo usimsumbue mwingine."

Meneja alisita, maana mhudumu huyu hakuwahi kulalamikiwa. "Basi, dada, nikabidhi ufunguo mpaka jambo hili lijulikane."

Mama aliuvua ufunguo mbele ya wenzake wote. Mkono wake ulibaki kifuani, ukiitafuta kamba.

Chiriku aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Dobi alinusa, akaitazama ile sweta, kisha akamtazama yeye.

"Leo mbona kimya?" alimwuliza kwa sauti ya chini. Hakusema zaidi. Alisogea tu pembeni, na Chiriku akabaki hana pa kujificha.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Niliuchukua ufunguo mama akiwa bafuni. Nilitaka kunusa tu, kichupa kikaniponyoka, nikayapangusa marashi kwa sweta hii. Nisamehe, bibi."

Mama yake hakugeuka kumtazama, na hilo lilimuuma kuliko kofi.

Mgeni aliichukua sweta. Aliiweka puani, akafumba macho kwa muda mrefu. "Nimekusamehe," alisema hatimaye. "Lakini naomba uniachie hii. Ndiyo iliyobaki na harufu yake."

Meneja akamrudishia mama ufunguo na kumwomba radhi mbele ya wote. Njiani kurudi nyumbani upepo ulikuwa wa baridi. Mama alimfunika binti yake mtandio, kisha akatangulia mbele.

Kesho yake Chiriku alipanda ghorofani kumwomba mama yake msamaha. Toroli ilikuwa mlangoni kama kawaida, ila haikuwa na kitu kilichotundikwa. Ndani, mama yake alikuwa ameinama anasugua bafu, ufunguo ukining'inia shingoni na kugonga ukingo wa bafu kila aliposogeza mkono.

"Si unakusumbua, mama?" Chiriku aliuliza.

"Unanisumbua sana," mama alijibu, bila ukali. "Mimi nimerudishiwa ufunguo jana ileile kwa sababu miaka yote nimekuwa mwaminifu. Wewe nimekusamehe, mwanangu, lakini msamaha hutolewa kwa siku moja, na uaminifu hujengwa kidogo kidogo. Nitautundika tena pale siku moyo wangu ukitulia."

Chiriku alichukua kitambaa, akapiga magoti kando yake na kuanza kusugua.