Mtungi Uliokosa Baraka

"Mechi imeahirishwa," simu ilisema. "Rudi Denpasar."

Maana yake operesheni imefutwa. Luh Armini, jasusi wa kitengo cha kupambana na magendo, aliitazama bahari ya Bali.

"Kaahirisha nani, Chifu?"

"Wakubwa. Haas ana watu wake. Mwache."

"Sikusikii, Chifu. Mtandao mbovu."

Mtandao ulikuwa mzuri tu. Akakata.

Kesho ilikuwa sikukuu ya hekalu la kijiji chao, na kiti cha mungu kilikuwa kitupu. Sanamu ya dhahabu, ndogo kama kiganja, iliyobebwa kichwani na bibi zake Armini wote, ilikuwa imeibwa. Mwizi alijulikana: Haas, mgeni anayefundisha watu kuzamia. Kilichokosekana ni sanamu yenyewe. Ndiyo maana Armini alijiandikisha kwake kama mwanafunzi.

Ufukweni akina mama wabebaji walikuwa wakitua mitungi ya hewa kutoka vichwani. Ilikuwa Tumpek Landep, siku ya kubariki vyuma. Pikipiki zote zilivishwa majani ya mnazi. Kila mtungi ulikuwa na mchele na maua.

Isipokuwa mmoja.

"Mbok, dada yangu, ule mbona uko uchi?" Armini alimnong'oneza Sukreni, mkubwa wa wabebaji.

"Wa akiba, wa Haas. Nimeusogelea na maji matakatifu, kanifokea kama mbwa! Eti nisiuguse. Kwani nina ukoma mimi?"

Armini alicheka kimoyomoyo. Miaka yote aliyokula wali wa Bali, Haas hakujua kwamba leo chuma kisicho na ua kinaonekana toka barabarani.

"We mwanafunzi! Miwani umevaa juu chini," Haas alimkejeli.

"Nisamehe, mwalimu. Naogopa maji."

Wakazama. Chini kulikuwa na meli iliyozama zamani karibu kabisa na ufukwe, ikalala ubavu na kuota matumbawe. Maji vuguvugu, kina kifupi. Meli ya wanaoanza. Haas aliukumbatia mtungi wa akiba, akamwonyesha Armini mlingoti: shika hapa, usiondoke. Kisha akapiga mapezi kuelekea upande wa pili, ambako boti iliyomngoja ilikuwa ikinguruma juu.

Armini aliuachia mlingoti.

Alikatiza tumboni mwa meli na kumtokea mbele. Haas akachomoa kisu. Armini alipita chini yake, akamdaka kwa nyuma, akamfungia koki ya hewa.

Macho yalimtoka Haas. Armini alimwonyesha mdomo wake wa pili wa kupumulia, kisha akaunyooshea kidole mtungi wa akiba: hewa kwa mtungi.

Kisu kilianguka mchangani. Mtungi ukakabidhiwa.

Boti ilisubiri, ikachoka, ikaondoka.

Ufukweni Armini alifungua kitako cha mtungi. Sukreni aliiona dhahabu akaangua kilio.

"Jioni wakubwa zako watanifungulia!" Haas alibwata chini ya wabebaji wawili wanene waliomkalia mgongoni.

"Wakufungulie. Huyu mungu wetu hawampati tena."

Sukreni alijitwika sanamu juu ya kitambaa cheupe. Akina mama wakajipanga nyuma yake. Barabarani askari wawili waliotumwa kumzuia Armini waliuona msafara ukija. Wakavua kofia, wakapisha.

Simu ililia. Chifu.

Armini aliiweka juu ya mtungi uliokuwa uchi, akainyunyizia mchele na ua moja. Nayo ni chuma.

Akaiacha ilie, akafuata msafara.