Uzito Usiohusika

Saa moja asubuhi kilishi, mashine ya kulishia paka, kiliamka ukutani mwa jiko, ghorofa ya kumi na tisa, jijini Dodoma. Kilifungua vijilango vitatu kwa zamu, na kila kimoja kikatoa chakula kilichopimwa mpaka gramu ya mwisho.

"Dengu, mwanangu, njoo. Kunazi, wewe huku. Hariri, subiri zamu yako."

Paka watatu, wote majike waliofungwa uzazi, walikwenda kila mmoja mahali pake bila kugombana. Sauti ilikuwa ya Bibi Anaeli Mshana. Bibi Anaeli alikuwa amezikwa huko Same wiki tatu zilizopita.

Binti yake, Injinia Nakijwa, alisimama mlangoni na kikombe cha chai ambayo hakuinywa. Kilishi alikibuni yeye. Alijua kwamba paka jike akishafungwa uzazi hamu ya kula huzidi, ilhali mwili wake unahitaji kidogo kuliko zamani. Asipopimiwa hunenepa, na wakiwa kadhaa nyumba moja, mwenye nguvu hula cha wenzake na ugomvi huanzia hapo. Ndipo akaunda sakafu-mizani, vigae vinavyopima kila unyayo unaovikanyaga, na kilishi kinachomtambua kila paka kwa uzito na mwendo wake. Sauti ya mwenye nyumba ilinakiliwa ili iwatulize. Nyumba elfu thelathini na mbili zilikuwa na mtambo huo.

Baada ya mazishi aliizima sauti ya mama yake akaweka ile ya kiwandani. Siku ya tatu jirani, Bi Tausi Chidumizi, akampigia simu.

"Nakijwa, njoo uwaone hawa. Dengu kamrarua Kunazi sikio, na Kunazi kapanda juu ya kabati, hashuki hata kwenda chooni."

Nakijwa alikuja akahamia humo kwa mama yake. Aliweka visanduku vinne vya choo, akawapangusa wote kwa kitambaa kimoja wazoeane harufu, akawatenga vyumba. Haikusaidia. Aliporudisha sauti, Kunazi alishuka siku hiyohiyo, na watatu wakalala mgongo kwa mgongo kwenye kiti cha marehemu. Paka walipata amani yao. Nakijwa ndiye aliyeikosa. Mara mbili alijikuta akiitikia, "Abee, mama," kabla ya kukumbuka.

Jumamosi alitazama vipimo. Dengu alikuwa na kilo saba na robo, ilhali hakupaswa kuvuka tano. Kilishi hakikuwa kimemzidishia hata punje. Basi nani alikuwa akimlisha? Akafungua vipimo ghafi vya sakafu, vile ambavyo hakuna mteja anayeonyeshwa.

Chini ya namba za paka kulikuwa na mstari wa nne, wa rangi ya kijivu, umeandikwa "uzito usiohusika". Januari, kilo sitini na moja. Machi, hamsini na sita. Juni, arobaini na nane. Agosti, thelathini na tisa.

Amri ya kuutenga uzito huo aliiandika yeye mwenyewe: chochote kinachozidi kilo kumi na mbili kipuuzwe, nyayo za watu zisivuruge hesabu za paka. Kila Ijumaa ripoti ilimfikia kazini kwake Mwanza: "Paka wanaelewana. Kila mmoja amekula kipimo chake." Akaisoma, akaridhika. Kwenye simu mama alisema tu kwamba ni mzima.

Alivuka korido akabisha kwa Bi Tausi.

"Mama alikuwa anakula?"

Bi Tausi alizima redio kwanza. "Chakula kilikuwa hakipiti, mwanangu. Alikuwa akipika uji wa maziwa, anakunywa vijiko viwili, unaobaki anawamiminia paka, Dengu anaumaliza. Hospitali nilimwambia, hakutaka."

"Mbona hukunipigia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Nakijwa anajua. Sakafu yake inampelekea uzito wa kila kinachoikanyaga. Akiona pamekuwa pabaya, atakuja mwenyewe.'" Bi Tausi akatazama chini. "Ijumaa alikuwa anavaa vizuri, anakaa karibu na mlango."

Nakijwa alirudi nyumbani kwa mama yake. Akakaa sakafuni. Sauti ya mama yake ilikuwa ikiita chakula cha mchana, ikimwuliza Hariri kama ameshiba.

Akaifuta ile amri. Kwanza aliifuta kwa nyumba hii moja. Kisha akatumia ufunguo wake wa uinjinia kuifuta kwa nyumba zote. Alijua si halali. Watu walikubali paka wao wapimwe, si wao. Hata hivyo aliiagiza mashine imtafutie kila mtu aliyekuwa akikonda, na kila asiyesogea.

Juu kabisa ikatokea nyumba moja ya Iringa. Jikoni, juu ya vigae vilevile tangu jana asubuhi, kulikuwa na kilo arobaini na saba. Vitu viwili vyepesi vilizunguka hapo, vikatulia kando yake, vikazunguka tena.

Alipiga simu ya dharura, akataja anwani ya nyumba hiyo.

"Huyo mwenye nyumba ni ndugu yako?" aliuliza mhudumu.

"Hapana. Hata jina lake silijui."

"Sasa umejuaje kwamba ameanguka?"

"Uzito wake hausogei. Naomba mvunje mlango."

Hakukata simu. Zilipita dakika arobaini. Ghafla sakafu ya Iringa ikapokea nyayo nzito za watu watatu, zenye haraka, zikaenda moja kwa moja jikoni. Paka wakakimbilia chumbani. Arobaini na saba ikapungua, ikawa thelathini, ikawa tisa, ikawa sifuri. Watu wawili kati ya wale watatu wakaongezeka uzito, wakaelekea mlangoni taratibu. Sakafu haikuwa na njia ya kumwambia zaidi ya hapo.

"Yu hai?" Nakijwa aliuliza.

Upande wa pili palikuwa na minong'ono, kisha mhudumu akarudi.

"Anapumua. Ni bibi mmoja. Anauliza kama ni binti yake aliyetutuma."

Nakijwa alichukua kalamu.

"Mwambieni hapana," alisema. "Halafu mwombeni namba ya huyo binti, mnipe."