Gonga Mbili, Usishushe Jeki

Anayetaka kubisha abishe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Nilikuwepo. Tochi niliishika mimi, kwa mkono huu huu, na haukutetemeka. Waliotetemeka ni wengine.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi bodi. Watu wanamwita Nyundo. Miaka yote kazi yake ni kunyoosha madigadi ya teksi, na ndoto yake ni moja: apate gari la zamani, alifufue, jina lake livume. Basi jioni moja, jua linazama, tukaenda kuliona la mama mmoja mjane. Lilikuwa nyuma ya nyumba yake, ndani ya banda la mabati.

Lilikuwa zuri, jamani! Pua ya duara, bampa bado inang'aa, viti vya ngozi vimeliwa na panya. Nyundo akalizunguka kama bwana harusi.

"Mama, chesisi ikiwa nzima, nalichukua."

Mama hakutukaribisha hata kwa maji. Alisimama mlangoni, kufuli mkononi.

"Kagua. Usinijazie maneno."

Nyundo akatega jeki, ile ya kuzungusha kwa mkono, akainua ubavu mmoja, akachungulia chini. Chesisi nzima! Akasimama anachekelea. Kabla ya kushusha, mkono wake ukafanya ulichozoea. Ndivyo mafundi wanavyofanya: wa juu anagonga bodi mara mbili kumuuliza aliye chini. Aliye chini akijibu mbili, maana yake nipo, usishushe. Kukiwa kimya, shusha.

Nyundo akagonga. Ngo, ngo.

Chini ya gari...

Ngo. Ngo.

"Shemeji," akaninong'oneza, "umesikia?"

"Mimi nimesikia tumbo langu."

"Acha utani! Mulika."

Nikamulika. Udongo mkavu, basi. Lakini harufu ilipanda... jasho. Jasho la mtu aliyeshinda kazini tangu asubuhi.

Akagonga tena. Akajibiwa tena.

"Bado anajibu?" mama akauliza, kama anayeulizia mgonjwa.

"Nani, mama?"

"Fundi wa marehemu mume wangu. Walikorofishana. Akaingia chini ya gari, hajatoka."

"Alizikwa wapi?"

"Nani kakwambia alizikwa?"

Nyundo akaelekea mlangoni. "Mama, nisamehe. Kazi hii siiwezi."

"Basi shusha. Fundi gani huyo anaacha gari la watu juu ya jeki?" Akavuta mlango kwa ndani, akabana kufuli. "Ukilichukua, libaki juu, uje kila siku uongee naye mpaka atoke. Ukilikataa, lishushe kwa mkono wako. Hutoki hapa bila kuchagua."

Shemeji akanitazama. Nami, simba wa watu, nikawa nakagua paa.

Akakishika kishikio cha jeki.

Kwii...

Ngo, ngo.

Kwii...

Ngo, ngo! Ngo, ngo!

"Namsikia, shemeji," akanong'ona. "Namsikia kabisa."

"Tutoke hapa," nikasema. Ndiyo, nilisema mimi.

Akafumba macho. Akazungusha, akazungusha, na kule chini pakawa hakuna mbili tena. Zikawa nyingi, za haraka, za viganja...

Tairi likagusa udongo.

Kimya.

Mama akacheka kicheko kirefu. Akafungua kufuli.

"Mume wangu naye alimsikia," akasema. "Naye alishusha."

Hadi leo Nyundo akiinua gari la mtu, hulishusha kwa taabu. Hugonga mbili, akasikiliza. Hugonga tena, akalala chini kuchungulia, akainuka, akagonga. Wateja wamechoka, wamehamia kwa wengine. Dada ananiuliza siku ile tulikwenda wapi. Namwambia muulize mumeo.

Haya, kitu kimoja nimekitia mwenyewe, nisije nikaitwa mwongo. Kile kicheko. Mama hakucheka. Nimemchekesha mimi, maana alichofanya hasa sipendi kukikumbuka.

Aliishika mikono ya shemeji yote miwili, yenye grisi vile vile, akaibusu.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia. "Leo nitalala."