Aliyeshuka Badala ya Mama Chai

Umewahi kumwona mtu mwenye goti bovu akipanda mlima Jumamosi, kisha Jumatatu akaja kazini anaruka ngazi mbili mbili kama mbuzi?

Basi ofisi ile ilimwona, ikampigia makofi. "Mlima ni dawa, jamani!" akasema mhasibu. Mwenye goti alikuwa Mama Chai, mfagiaji wa orofa tatu na mpika chai wa watu wote. Alimimina tu. Chai ilifuka moshi, lakini aliyeigusa kwa mdomo aliikuta baridi kama maji ya mtungi.

Mmoja hakupiga makofi. Walimwita Profesa, kwa kejeli, maana alikuwa na shahada ya mazingira na hana mshahara. Miezi saba yupo "kwa mafunzo", jina la heshima la kumtumikisha mtu bure. Yeye ndiye aliyeandika mpango wa safari ile ya ofisi mlimani, na tusimnyime haki yake, mpango ulikuwa mzuri: kuanza alfajiri, kila mtu na lita mbili za maji, kushuka na takataka zote, kuwapisha wanaopanda kwenye njia nyembamba, na ikifika saa sita mchana, popote mlipo, geukeni mrudi. Mwendo uwe wa yule mzito kuliko wote. Na nyuma kabisa awepo mfunga mkia, mtu asiyemtangulia yeyote hata kwa hatua moja. Hapo akajiandika mwenyewe.

Jumamosi ile, saa tano na nusu, karibu na kilele, simu yake ikalia. Bosi.

"Profesa, mbona unajikokota? Njoo juu utupige picha na bango. Tunaongelea ajira yako huku, ujue!"

Ajira. Mtamkie neno hilo msomi mwenye njaa uone kama hajamsahau hata aliyemzaa.

Mama Chai alikuwa ameketi kando ya njia, nyuma ya jiwe kubwa lililopasuka, goti limevimba kama boga. "Nenda mwanangu, usikose riziki," akamwambia. "Ila usinisahau."

"Nakuja sasa hivi, mama. Dakika kumi."

Juu kulikuwa na picha, vicheko, kisha ukungu. Bosi akaamua washuke kwa njia nyingine, ya mkato. Profesa alifungua mdomo aseme, lakini Bosi alikuwa amemwekea mkono begani kama baba na mwanawe. Akaufunga. Akajiambia atazunguka akifika chini. Alipofika garini, mvua ikimwagika, Mama Chai alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma. Nguo zake kavu. Profesa akahesabu: kumi na wanne. Walipanda kumi na wanne. Hakumwuliza amepita wapi, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri. Jumapili mvua haikukatika, mlima ukafungwa, asipande mtu.

Sasa Jumatatu, saa nne asubuhi, binti wa Mama Chai akamwita Profesa nje, chini ya ngazi. Alikuwa amevaa ndara mbili zisizofanana.

"Kaka, samahani. Wewe ndiye uliyekuwa nyuma?"

"Ndiyo, mimi."

"Yule aliyerudi nyumbani hali chakula, kaka. Halali usingizi. Jana kutwa kasimama dirishani kaelekea mlimani, macho hayapepesi. Nikasema nimkande goti." Akapunguza sauti. "Goti halina kovu. Mama alishonwa pale nyuzi kumi na moja, nilikuwa nimemshika mkono. Nakuuliza kwa jina la Mungu: ulishuka naye?"

"Nilishuka naye."

"Ahsante, kaka," akasema binti, akafuta macho. "Labda ni mimi tu, uchovu. Naketi hapa nimsubiri atoke."

Ahsante ile ilimchoma kuliko tusi la nguoni.

Akaanza kupanda ngazi kwenda mkutanoni, na nyuma yake nyayo zikaanza kupanda pia, akisimama zinasimama, akikimbia zinakimbia, na pamoja nazo ikapanda harufu ya jiwe bichi, ya mahali ambapo jua halijawahi kufika, ikamjaa kooni mpaka akaonja udongo, naye hakuthubutu kugeuka, kwa kuwa alijua ni nani, na alijua kwamba kiumbe kile hakimfukuzi wala hakina haraka, kinafanya tu ile kazi aliyoitelekeza yeye, kutembea nyuma bila kumpita mtu, hadi kilipomkaribia shingoni kikasema, si kwa sauti ya mama yule bali kwa sauti yake mwenyewe Profesa: "Nakuja sasa hivi, mama. Dakika kumi."

"Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Mkazi wa kule jiweni. Mliacha mtu mlangoni kwangu, nami nikaja kukaa nafasi yake. Mbona hamkuonekana kumhitaji?"

"Yu hai?"

"Sauti yake imebaki ndogo. Anasema kijana yule ana adabu, atarudi."

Mkutanoni Bosi alikuwa ameinua karatasi ya ajira. "Kumi na wanne tumepanda, kumi na wanne tumeshuka! Hiyo ndiyo teamwork! Profesa, njoo usaini."

Mlangoni alisimama yule mwenye sura ya Mama Chai, sinia mkononi, anatabasamu.

"Huyo si Mama Chai," akasema Profesa. Watu wakacheka. "Mama Chai nilimwacha kwenye jiwe lililopasuka. Nilimdanganya kwamba narudi. Sasa hivi tu nimemdanganya na bintiye."

Sinia likaanguka. Pale mlangoni lilibaki gauni la kazi, limelowa chapachapa, limesimama lenyewe kana kwamba lina mwili, kisha likaporomoka sakafuni. Mhasibu akapiga ukelele.

"Funga mlango," Bosi akanong'ona. "Tusikurupuke. Jina la kampuni, jamani. Tunaweza kusema alipotea akitokea kwake."

Profesa alikuwa analia, na hakujificha.

"Hapana, Bosi. Piga simu kwa walinzi wa mlima. Sasa hivi. Waambie tulimwacha mtu tangu Jumamosi. Waambie ni wewe uliyeniita juu, na ni mimi niliyemwacha. Toa gari, toa machela, toa kila aliyecheka kwenye picha ile. Kisha shuka ngazi, umwambie binti yake kwa mdomo wako mwenyewe mama yake yuko wapi."